Ubavu wa Kulia

SEHEMU YA KWANZA: JUMAMOSI

Alhamisi jioni Neema alisukuma pembeni sahani ya ugali wa muhogo, na Mama Masatu akachukia.

"Umesusa?"

"Sijasusa, mama. Tumbo limenikaa vibaya. Hapa, kitovuni."

Mama mkwe aliutazama ujauzito wa wiki 28 uliojaa chini ya kanga, akaguna. Yeye alizaa saba, na hakumbuki hata mimba moja iliyomzuia kula. Lakini huyu alikuwa mke wa mwanawe wa pekee wa kiume, na mwenyewe Masatu hakuwepo. Alikuwa kambini, ng'ambo ya kisiwa cha Ukerewe, akivua dagaa. Giza lilikuwa limeingia, siku zile ambazo mwezi hauonekani na taa za wavuvi ndizo zinazowaita dagaa juu. Mvuvi mwenye akili harudi nyumbani wakati wa giza. Simu yake ilishika mtandao pale tu alipopanda mwamba mmoja nyuma ya kambi, na hakuupanda kila siku.

"Chango hilo," Mama Masatu alikata shauri. "Mtoto wa kiume ndivyo anavyokuja. Nitakuchemshia."

Usiku Neema alitapika. Akatapika tena. Kulwa, wifi yake wa kidato cha tatu aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, alimshikia ndoo kwa mkono mmoja na simu yenye tochi kwa mkono wa pili.

"Wifi, si ulisema kutapika kuliisha zamani?"

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko Kulwa alivyojua. Kichefuchefu cha mimba huja mapema na kwa wengi huaga kabla ya nusu ya safari. Kikizuka upya mwezi wa saba, tena kikiongozana na maumivu, kina sababu nyingine ya kutafutwa.

Alfajiri ya Ijumaa maumivu yalihama. Yalitoka kitovuni yakaenda kukaa ubavuni, upande wa kulia, juu kidogo ya pale ambapo mtu asiye na mimba angeyaonyesha, kwa kuwa mfuko wa uzazi unapokua huweza kuusukuma utumbo pamoja na kila kinachoning'inia kwake. Neema hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba alipokohoa mara moja tu, ilibidi ashike ukuta.

Walikwenda zahanati kwa bodaboda, watatu juu ya pikipiki moja. Kila shimo la barabara lilimtoa Neema machozi. Kulwa akamwomba dereva apunguze mwendo, dereva akajibu kwamba akipunguza zaidi ya hapo atazima.

Kipimo cha malaria kilionyesha hakuna. Mkojo ukaonekana una chembechembe za usaha.

"UTI hiyo," mganga alisema, akiandika. "Wajawazito wengi wanayo. Kunywa maji mengi, maliza dozi."

Tusimhukumu haraka mganga yule. Kidole tumbo kikivimba jirani na mrija wa mkojo, mkojo wenyewe huweza kutoa chembe nyeupe, na UTI kwa wajawazito ni habari ya kila siku. Hata angekuwa na mashine ya kuhesabu chembe za damu isingemsaidia sana, maana mjamzito mwenye afya njema anaweza kukutwa na chembe nyeupe 14,000 ambazo kwa mtu mwingine zingemtia daktari wasiwasi. Kosa lake lilikuwa moja: hakumlaza mgonjwa kitandani akaweka mkono tumboni. Kulikuwa na foleni mpaka mlangoni.

Jioni homa ilipanda. Neema alilala ameukunja mguu wa kulia, na kila alipojaribu kuunyoosha alipiga yowe. Mama Masatu aliingia na kikombe kinachofuka moshi.

"Kunywa yote, mwanangu. Hii inasafisha tumbo."

Alikunywa nusu. Haikupita saa moja akaanza kuharisha.

Kulwa alikuwa ameisoma namba 115 kwenye ukuta wa kliniki, siku aliyomsindikiza wifi yake: namba ya m-mama, ya bure, ambapo mjamzito mwenye dharura hupelekewa gari, na mahali pasipo na gari la wagonjwa huitwa dereva wa jirani aliyesajiliwa, ambaye malipo yake huingia kwenye simu.

"Mama, tupige."

"Gari lije hapa usiku kwa sababu ya chango? Majirani waseme nimeshindwa kumtunza mkwe?"

Kulwa alinyamaza. Saa tisa usiku, mama yake alipopitiwa na usingizi kwenye kigoda, alitoka taratibu mpaka chini ya mchungwa akapiga.

Aliporudi ndani alikuta taa imewashwa. Neema alikuwa ameketi, miguu sakafuni, uso umelowa jasho lakini umetulia.

"Yamekata," alisema.

"Nini?"

"Maumivu. Yamekata ghafla, wifi. Kama mtu amekata kamba."

Mama Masatu aliinua mikono juu. "Si nilisema! Dawa ya mama yangu haijawahi kunidanganya." Akaenda jikoni mbio kupasha uji, huku akiimba.

Simu ikaita. Kulwa akatoka nayo nje.

"Mdogo wangu, gari limeshaondoka, lipo njiani kuja kwenu," sauti ya mwanamke wa 115 ilisema. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amepona, dada. Tunaomba msamaha kwa usumbufu. Maumivu yamekata. Mrudisheni tu dereva."

Upande wa pili ukawa kimya kwa muda.

"Yamekata yenyewe? Ghafla?"

"Ndiyo."

"Nisikilize vizuri. Asile. Asinywe hata tone la maji. Mlaze ubavu wa kushoto na msimtembeze. Gari halirudi."

Kulwa aliingia ndani mbio na kumkuta mama yake ameshaufikisha uji mdomoni kwa Neema. Alikipokonya kikombe kabla hajaulizwa, uji ukamwagika kwenye mkeka, na Mama Masatu akainua mkono kumpiga. Mkono uliishia hewani, kwa sababu Neema hakuwa anawatazama wote wawili. Alikuwa anabonyeza tumbo lake, hapa, kisha pale, kisha hapa tena.

"Mama," alisema. "Mtoto hajacheza tangu jana mchana."

ITAENDELEA KESHO

SEHEMU YA PILI: JUMAPILI

ILIPOISHIA JANA: Baada ya siku moja na nusu ya mateso, maumivu ya Neema yamekata ghafla. Nyumbani wanashangilia, lakini mhudumu wa 115 amekataa kulirudisha gari. Na mtoto tumboni hachezi. SASA ENDELEA…

Hospitalini Nansio, Sista Getruda hakuuliza maswali mengi. Aliweka kile kikombe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto juu ya tumbo, akainamisha sikio. Akakihamisha. Akakihamisha tena, safari hii akifumba macho. Mama Masatu, aliyepanda gari bila viatu, alikuwa amejibanza kwenye kona ya chumba akisali kwa Kikerewe.

"Yupo," Sista Getruda alisema hatimaye. Akatazama saa yake, akahesabu midomo ikicheza. "Lakini anakimbia. 174."

Moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Wa huyu ulikuwa unakimbizwa na homa ya mama, iliyokuwa imefika nyuzi 39.

Dokta Shija aliingia akifunga vifungo vya koti. Kijana, lakini alianza na shikamoo kwa mama mtu mzima kabla ya kumgeukia mgonjwa. Maumivu yalikuwa yamerudi, sasa tumbo zima, na lilikuwa gumu kuligusa.

"Yalianzia wapi, dada?"

"Kitovuni. Kisha huku."

Alitafuta kwa kidole mahali panapouma kuliko kote upande wa kulia, akakiacha kidole pale pale. "Geuka kidogo ulalie ubavu wa kushoto. Taratibu. Sasa niambie: maumivu yamehama au yako chini ya kidole changu?"

"Hapo hapo," Neema alisema kwa meno yaliyobana.

Ni kipimo cha zamani, hakihitaji umeme. Mama akigeukia kushoto, mfuko wa uzazi huteleza kuelekea huko. Ikiwa kinachouma ni mfuko wenyewe, kwa mfano kondo limeanza kubanduka, maumivu huhama nao. Yakibaki kuliani, dalili zinaelekeza kwingine.

Mashine ya ultrasaundi ilionyesha mtoto hai, kondo limeshika mahali pake, na majimaji pasipotakiwa kuwa na majimaji. Kidole tumbo chenyewe hakikuonekana. Mwezi wa saba mara nyingi hakionekani, mtoto na gesi vimeziba njia, na daktari anayesubiri picha nzuri ndipo aamue anaweza kusubiri sana. Kule Mwanza, Bugando, wangeweza kupata picha bora bila mionzi. Lakini kati ya Nansio na Mwanza kuna ziwa, na meli haikuwa na habari na Neema.

"Swali la mwisho," Dokta Shija alisema. "Kuna wakati maumivu yalikata yenyewe, kisha yakarudi?"

Kabla Neema hajajibu, mtu alianguka kwenye kona. Mama Masatu alikuwa ameketi sakafuni, miguu imenyooka mbele yake, ametoa macho.

"Alfajiri," Kulwa alijibu badala yao.

"Nyabise," mama alisema. "Nyabise naye yalikata."

Hakuna aliyemjua Nyabise. Kulwa mwenyewe alilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Alikuwa mdogo wake Mama Masatu, wakifuatana ziwa moja. Mwaka ule wa MV Bukoba, 1996, kisiwa kizima kikiwa bado kwenye matanga ya waliozama, Nyabise alilalamika tumbo akiwa na mimba kubwa. Walimchemshia dawa siku mbili. Siku ya tatu akaamka anacheka, akasema amepona, akaomba samaki. Jioni alikuwa haongei. Wakamzika na mtoto tumboni, na jirani mmoja, mwanamke mzee asiye na mtu, akafukuzwa kijijini kwa uchawi.

"Mimi ndiye niliyemnywesha," Mama Masatu alisema. "Dawa ile ile."

Dokta Shija alichuchumaa mbele yake. "Mama, sitakulaumu. Lakini niambie ina nini ndani."

Akamwambia majani na mzizi, akataja mpaka idadi ya vijiko. Daktari aliandika yote. Moja lilikuwa la kuharisha, na utumbo uliovimba haupaswi kulazimishwa kusukuma. Lingine alilijua tangu utotoni kwao: wanawake hulitumia kuharakisha uchungu wa kuzaa.

Akasimama akamweleza Neema, siyo mama mkwe. Kidole tumbo ndicho kinachowapeleka wajawazito kwenye upasuaji wa dharura usiohusu uzazi kuliko ugonjwa mwingine wowote. Si ajabu, hutokea. Kikikatwa kabla hakijapasuka, katika mimba 100 hupotea chache, 3 mpaka 5. Kikishapasuka na usaha ukamwagika tumboni, zinazopotea hufika 20, na wako waliohesabu zaidi ya hapo.

"Na changu?"

"Nadhani kimepasuka."

"Mkimchana si mtoto atatoka?" Mama Masatu aliuliza. Hakuwa anabisha, alikuwa anaogopa.

"Anaweza kutoka, mama. Tusipomchana usaha utamtoa, na utaondoka na mama yake pia. Kila saa tunayokaa hapa inatupunguzia."

Hoja hiyo si ngeni. Mwaka 1908 daktari wa Marekani aitwaye Babler alishawaonya wenzake kwamba wajawazito wenye ugonjwa huu wanauawa na kuchelewa. Zaidi ya miaka 100 baadaye, bado watu wanaogopa kisu kuliko saa.

Karani alileta fomu. "Mume wake yuko wapi asaini?"

Kulwa alikuwa amempigia kaka yake mpaka betri ikabaki mstari mmoja. Hapatikani. Karani alisita, kalamu mkononi, akimtazama Mama Masatu, kwamba labda yeye kwa niaba. Neema ndiye aliyenyoosha mkono.

"Tumbo ni langu. Nipe hapa."

Akasaini jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine.

*

Walimchoma ganzi ya mgongoni, wakamwekea mto chini ya nyonga ya kulia ili ainame kushoto kidogo. Mjamzito wa miezi saba akilazwa chali kabisa, uzito wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na mtoto hukosa hewa. Dokta Shija alikata pale palipouma, si pale anapokata kwa watu wengine. Usaha ulitoka kabla hajafika ndani. Kidole tumbo kilikuwa cheusi nchani, kimetoboka. Alikiondoa, akaosha kwa maji ya chumvi mpaka yakatoka meupe, akaacha mrija wa kutolea uchafu. Mfuko wa uzazi, uliokuwa umelijaza jeraha lote mbele yake, hakuugusa ila kwa lazima.

Baada ya hapo Sista Getruda alisikiliza tena. 152.

Mama Masatu alibusu mikono ya kila aliyepita mlangoni, akiwemo mfagizi.

Mjadala ulibaki mmoja, nao ulifanyika kwa simu na bingwa wa uzazi aliyeko Mwanza. Zipo sindano nne za kumkomaza mtoto mapafu, moja kila baada ya saa 12, anazopewa mama anayehofiwa kujifungua njiti. Lakini dawa hiyo hulegeza kinga ya mwili, na mama mwenye maambukizi makali hapewi kwa pupa. Bingwa alisikiliza joto, mapigo na rangi ya usaha, akasema: seftriaksoni na metronidazoli kwanza, dripu, mpimeni kila saa nne. Homa ikishuka tutazungumza. Na wiki hii ya kwanza msimwondolee macho, uchungu wa mapema ukija huja sasa.

Jumapili mchana homa ilishuka. Mtoto alipiga teke, hafifu, Neema akacheka huku ameshika nyuzi. Saa kumi jioni akachomwa sindano ya kwanza ya mapafu.

Saa nne usiku akamwita Kulwa.

"Mshono unaniuma."

"Nimwite sista?"

"Subiri. Umeacha." Baada ya muda: "Umeanza tena."

Sista Getruda alipokuja hakuutazama mshono. Aliweka kiganja juu ya kitovu, akakiacha, macho kwenye saa ya ukutani. Tumbo likajikunja likawa gumu chini ya mkono wake, likakaa hivyo, likalegea. Akangoja. Likajikunja tena. Dakika sita.

Alimpima. Njia ilikuwa imefunguka sentimita nne.

Dokta Shija alimpa nifedipini kuutuliza mfuko wa uzazi, akapiga simu Mwanza akiwa amesimama. Mtoto wa wiki 28 ana kama kilo moja. Mapafu yake yalikuwa yamepata sindano moja kati ya nne. Bugando wana chumba cha njiti chenye mashine za kumsaidia kupumua, na bingwa alisema kitanda kipo. Lakini meli ni ya asubuhi. Na njia ya barabara ni kwenda Rugezi, kungoja kivuko cha Kisorya kianze kazi, kisha Bunda, kisha kuzunguka mpaka Mwanza.

"Basi tungoje asubuhi," alisema, akijua anachosema hakimridhishi mtu.

Mlango wa wodi ukasukumwa. Masatu alisimama pale, suruali imelowa mpaka magotini, ananuka ziwa na dagaa. Mtu alikuwa amepanda ule mwamba.

"Boti yangu iko ufukweni," alisema. "Injini mpya, mafuta yapo, ziwa limetulia. Nawafikisha Mwanza kabla hakujapambazuka."

Chumba kizima kilimgeukia Dokta Shija. Mwanamke mwenye jeraha la siku mbili na mrija tumboni, mwenye uchungu, kwenye boti ya dagaa, usiku, na mtoto akitoka katikati ya maji na hakuna hata taa? Au abaki, mtoto azaliwe hapa, apumue atakavyoweza? Sista Getruda alitikisa kichwa kukataa. Mama Masatu alisema wapande boti. Kulwa alianza kulia.

Daktari alifungua mdomo kutoa uamuzi.

"Dokta," Neema alisema, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. "Nasikia kusukuma."

ITAENDELEA

Je, Dokta Shija alikuwa ameamua nini, na mtoto wa kilo moja atapumua? Na Mama Masatu, aliyeuona mzizi wake ukiandikwa kwenye faili, atamwambia nini mwanawe? Usikose sehemu ya tatu, Jumamosi ijayo, ukurasa huu huu.